Mama Mukwe Ndani, Mimi Nakimbia Pembeni

Mama Raisa, amahoro. Mimi nakusikiliza mu redio kila wiki hapa dukani kwangu Rumonge, nauza mawese, na huwa nacheka shida za wenzangu, leo imekuwa zamu yangu, nisaidie tafadhali, na usicheke mbele ya mikro.

Niko na gari, si mupya, freni yake ya mukono haishiki tangu niinunue, kwa hiyo kila nikisimama penye muteremko bibi yangu Mwamini anashuka haraka na jiwe analiweka chini ya gurudumu, ni jiwe lile lile tangu tuoane, tumelizoea kama mutu wa nyumbani, lakini Mwamini akaanza kusema amechoka kufika mu harusi za watu amevaa vizuri na amebeba jiwe, nikamwambia basi nitaitengeneza mwenyewe hapa nyumbani, maana fundi alitaka nimwachie gari siku nzima, na mimi nikajiuliza siku nzima ya nini, freni ya mukono ni kamba tu inavutwa, na kamba mimi nafunga tangu utoto.

Nikapandisha gari na kriki, nikatoa magurudumu ya nyuma, nikafungua zile ngoma za freni, nikakuta ndani kumekauka na kunalia kwii, na kwetu kitu kinacholia kinapakwa mawese, mulango, cheni ya baiskeli, hata goti la baba, nikapaka kila mahali bila ubahili. Kelele ikaisha. Ukivuta mukono wa freni unapanda laini mpaka juu, nikasema imepona, jiwe nikalitupa nyuma ya jiko.

Siku hiyo mama mukwe alikuwa ametoka Kizuka kutusalimia. Jioni nikamukalisha kiti cha mbele nimurudishe, nikawasha moto wa gari, nikavuta freni, nikakumbuka bidoni yake ya mawese, nikarudi ndani kuichukua. Natoka, gari inaenda. Nyumba yetu iko upande wa ziwa, na njia inashuka moja kwa moja mpaka pale wanapoanika ndagala. Upande wa dereva iko ukuta wa jirani, mutu hapiti, nikakimbia upande wa mama mukwe mpaka nikafika kwenye dirisha. Sasa elewa mahali nilipokuwa, Mama Raisa. Nimeoa miezi saba. Mukwe hamugusi mama mukwe, na ule mukono wa freni uko karibu na goti lake, ningepitishaje mukono wangu pale mbele ya watu wa ndagala? Nikakimbia nikisema, "Mama, samahani, ukipenda, vuta hiyo kitu," na yeye kwa heshima akageuza uso akaangalia upande mwingine.

Gari ikapita juu ya ndagala za muvuvi Aruna, magurudumu ya mbele yakaingia mu maji, ikasimama. Mama akatengeneza kitenge chake akauliza, "Tumefika?" Aibu ikanishika, nikajibu, "Ndiyo mama, nilitaka uone ziwa kwanza."

Tangu siku hiyo anasema kwa watu wote wa Kizuka kwamba mukwe wake alimutembeza vizuri. Na Jumamosi baba mukwe ameamua nimupeleke mama Kabonga kwenye harusi. Jana nilijaribu freni bila mutu ndani, haikushika hata kidogo. Nimelitafuta jiwe letu, halipo, Mwamini anasema hajui. Nikisema ukweli, mama atajua kama nusura nimuzamishe na sitakuwa mutu tena kwao. Nikinyamaza, labda Jumamosi namumaliza. Nifanye nini?

Mukwe, Rumonge

*

Wewe mukwe, nimecheka, samahani. Sasa sikiliza.

Mawese ni ya kupikia sombe. Freni inashika kwa kusuguana, na wewe umeipaka kitu cha kuteleza halafu unashangaa inateleza. Vile vipande vya ndani vinavyobana ngoma vimeshakunywa mafuta, havifuliki, vinunuliwe vipya, na ngoma zisafishwe mpaka zikauke kabisa. Ukitaka kusaidia fundi, saidia, lakini yeye awepo. Atakaza kidogo kidogo mpaka gurudumu likizungushwa kwa mkono lisugue kidogo bila kugoma, kisha utavuta mkono wa freni na kusikiliza: tak, tak, tak. Nimemuuliza fundi wa hapa kwetu, anasema ushike kwenye tak ya tano, ya sita, hata ya nane. Ukipanda mpaka juu bila kushika, hujatengeneza kitu. Jaribu kwenye mteremko ukiwa wewe ndani, mguu karibu na freni ya kawaida. Si mkweo.

Na hiyo heshima yako. Wazee walisema heshima si utumwa, na mimi naongeza kwamba haizamishi watu. Kumgusa goti ungeomba msamaha kesho yake. Maiti haiombwi msamaha.

Halafu nikuambie jambo. Barua yako haikuja peke yake. Wiki hii hii ameniandikia mama mmoja wa Kizuka, jina lake silitaji. Anasema: "Mukwe wangu aliniacha mu gari ikashuka. Mume wangu zamani alikuwa dereva wa kamyo, freni naijua. Niliivuta mara mbili chini ya kitenge, kimya, ili watu wasiseme mama mukwe anamufundisha kazi. Haikushika. Nikamuona anakimbia huku analia, nikageuza uso asijue kama nimemuona. Jumamosi atanipeleka tena. Nikikataa atasema simwamini. Nimwambie nini huyu mutoto wa watu?"

Nimemjibu yeye kama ninavyokujibu wewe: mficha uchi hazai. Kesho peleka gari kwa fundi, na umwachie siku nzima. Keshokutwa nendeni Kizuka wewe na Mwamini, mkae kwenye mkeka, useme ukweli wote, mawese na yote. Mama atajifanya ndiyo kwanza anasikia leo. Mwache ajifanye.

Na jiwe usilitafute tena. Mwishoni mwa karatasi yule mama ameandika kwamba alilichukua nyuma ya jiko siku ile ile mliporudi nyumbani, liko mu kikapu chake. Jumamosi akija kupanda gari, mpokee hicho kikapu kwa mikono miwili, ni kizito, na usimuulize kuna nini ndani.