Mama, Nimeupeleka Udongo Buguruni

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza kuongea nawe bila kukuamkia.

Tangu tumalize arobaini yako situlii. Meza yako nimeirudisha pale pale Kariakoo, na udongo wa kula nimeupanga ulivyokuwa ukiupanga, mweupe mbele, wa kuchoma nyuma. Lile duka la vitenge nyuma yetu limeuzwa. Sasa wanauza televisheni, zote zimewashwa, zinapiga kelele mchana kutwa. Wateja wako wananitania, "Masomo yote yale, mwisho udongo?" Nawajibu, "Na nyie mimba zote hizo, mwisho kwangu."

Bado wanakuja kabla tumbo halijaonekana, wengine kabla hata mume hajaambiwa. Ndiyo maana ulikaa pale miaka yote, uwafikishe kliniki bila mtu kujua. Mara ya kwanza nauza tu. Akirudi namuuliza hali, halafu kliniki, halafu kipimo cha damu. Ulimi unaniwasha kusema yote siku moja, nauzuia.

Anayeninyima usingizi ni Siwema. Wewe ndiye uliyemsindikiza kupima, na uliporudi uliniambia, "Huyu asipotee." Nikaelewa damu yake imejibu nini. Mimba mbili zimeshamharibikia, hii ya sasa presha inampanda, na kile kidonge cha kumeza uchungu ukianza, ili mtoto asiambukizwe, hakuwa amekichukua. Ukafa. Akaacha kuja. Nikasikia yuko kwa mama mkwe wake Buguruni, atazalia huko huko nyumbani.

Nilimngoja mezani. Kila tumbo lililokata kona nilidhani ni lake. Ulikataza kwenda nyumbani kwa mtu. Mtu wa kliniki akionekana mlangoni, jioni ukoo mzima una habari. Nililigeuza katazo lako kila upande, nikakuchukia kidogo, Mama, kwa kuliweka, na zaidi kwa kutokuwepo nikuombe ruhusa.

Juzi nikabeba beseni kichwani. Nikaingia Buguruni, uchochoro kwa uchochoro, nikinadi udongo. Nani atamuuliza muuza udongo amefuata nini kwa mjamzito?

Aliyetoka ni mama mkwe. "We binti, mbona unanadi kama unaomba msamaha?" Akamwita mkwewe. Siwema akaja, miguu imevimba, akanitambua. Akachagua kipande, akauliza taratibu, kama anayeuliza bei, "Yule mama wa mezani hajambo?"

"Tumemzika," nikasema.

Akakitia mdomoni. Akatafuna, akatafuna, macho chini. Nikadhani yameishia hapo. Kisha akatema, akamgeukia mkwe wake. "Mama, huyu anauza vumbi. Naenda naye Kariakoo anionyeshe anakouchukua, nichague mwenyewe."

Mkwe akacheka. "Mimba ya kiburi hiyo. Nendeni, na mimi mniletee wa kuchoma."

Mama, sijawahi kutukanwa nikashukuru namna ile.

Tulikwenda kliniki moja kwa moja. Nesi alimpima presha, akamwambia kuzalia nyumbani asahau, akampa barua ya hospitali amwonyeshe mumewe. Barua inataja presha tu. Kidonge amekifunga kwenye pindo la khanga. Hakulia hadi tulipokuwa tunarudi, na alikulilia wewe. Nikamshika mkono. "Mama yako alikuwa anashika," akaniambia. "Wewe unakamata, kama mgambo." Tukacheka huku tunalia, watu wanatupita na mizigo yao.

Leo nimepita tena na beseni. Bado hajajifungua. Kesho nitapita. Mkwe ameanza kunizoea, ananiita Vumbi.

Pumzika, Mama. Usiniombee utulivu kwa sasa, nautumia huu wasiwasi kutembelea. Nakuahidi kwamba Siwema hataingia hospitali peke yake, na mtoto atakapopewa dawa yake nitakuwa nimesimama pale. Nikishamwona ameimeza, nitakuja kaburini nikukalie kimya, kama ulivyokuwa unapenda nikae.

Mwanao.