Wakwe Jangwani

Jumapili, 6 Julai

Kanisa, chai, kusahihisha. Karatasi za kidato cha pili. Swali: kwa nini jangwani miti ni michache? Nusu ya darasa wameandika kwamba jangwa lilikauka kwa sababu watu walikata miti. Mkokoteni mbele ya punda. Mvua ndiyo huamua kwanza, jamani, kisha mti unafuata. Kalamu nyekundu imeisha wino. Nimeazima ya wifi yangu Njeri, ya kijani. Makosa sasa yanapendeza.

Baridi tele. Soksi juu ya soksi. Julai ya hapa Waithaka, Nairobi, haina huruma.

Jioni kaka yangu Kimani ameingia na uso wa mkutano. Ruracio ya binti yake Nyambura imewekwa tarehe kumi na tisa. Watu wa kijana wanakuja kutoka Kakamega kuzungumza mahari hapa hapa kwenye boma letu. Kamati imenipa kazi ya mahema na mapambo. Ameniomba nisilete mambo ya shule. Kaka yangu ananijua tangu nizaliwe na bado ana matumaini.

Jumanne, 8 Julai

Nyambura amepitia kwangu akitoka kazini mjini, viatu mkononi. Amekaa kitandani kwangu akanisimulia tena jinsi alivyokutana na Shivachi. Sichoki kuisikia. Walipanda Mlima Kenya na watu wa ofisi, hawajuani. Chini msitu na matope. Juu kidogo mianzi. Kisha nyasi za baridi na ile mimea ya ajabu yenye vichwa kama kabeji. Mwisho mawe, barafu, na pumzi fupi. Shivachi alianza kumbebea begi kwenye mianzi. Kufika kwenye barafu alikuwa amembeba kabisa moyoni, hayo ni maneno yake msichana, mimi simo.

Nikamwambia: ulitembea dunia nzima kutoka Ikweta hadi karibu na Ncha bila pasipoti. Kila ukipanda, baridi inaongezeka, na baridi ikibadilika, kila kinachoota kinabadilika. Mimi nafundisha hayo kwa chaki. Yeye alijifunza kwa miguu, na akapata mume juu yake.

Hapo wazo likanijia. Mahema yasiwe na namba. Yawe kanda za dunia. Jangwa, savana, msitu wa mvua, tundra. Nyambura alinirukia shingoni. Amesema nisiulize kamati kitu.

Sitauliza.

Jumatano, 9 Julai

Nimezunguka boma asubuhi na kikombe changu cha chai. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kuliangalia hivi. Lina tabianchi yake, hili boma letu dogo!

Chini ya mparachichi panadondoka umande hadi saa tano. Ukoga kwenye ukuta, jimbi, konokono. Huo ni msitu, hauhitaji kupambwa. Nyuma, pale ghorofa ya jirani ilipotuibia jua, ardhi haikauki na haipati joto. Nyasi fupi za huzuni. Tundra. Katikati uwanja wa nyasi na mti mmoja. Savana, na mbuzi wa Njeri amejitolea kuwa swara.

Na upande wa lango, penye changarawe, jua linapiga tangu asubuhi. Mahali pekee ambapo mtu huvua sweta mwezi huu. Jangwa langu hilo. Maji yote ya mvua yanateremka barabarani, hakuna kinachobaki, kwa hiyo hakuna kinachoota. Ukitaka kujua mwenye shamba ni nani, usiulize hatimiliki. Uliza mvua na joto.

Nina furaha ya kitoto.

Ijumaa, 11 Julai

Nyambura amepiga simu akilia kidogo. Shivachi amemweleza kuhusu baba yake mdogo, Mzee Musonye, ambaye ndiye atakuwa msemaji wao. Mzee mwema lakini ana heshima yake. Miaka iliyopita walikwenda kumposea kijana mwingine wa ukoo, mahali fulani, wakakalishwa karibu na choo. Mzee Musonye alisimama, akavaa kofia, akaondoka na watu wote na ng'ombe. Ile harusi haikufanyika hadi leo. Yule msichana aliolewa kwingine.

Anaogopa. Nami nimeogopa kwa niaba yake. Kimani na wazee wake wana midomo mirefu na mzaha mwingi, na mzaha wa mkwe husafiri vibaya.

Nimemwambia alale. Wageni nitawashughulikia mwenyewe. Watapata mahali pazuri kuliko pote.

Jumamosi, 12 Julai

Barabara ya Kitisuru, kwenye vitalu vya maua vya kando ya njia. Nimenunua mishubiri, mipungate yenye miiba, na mkonge wa kwenye chungu. Muuzaji akataka kunipa na waridi. Nikamuuliza waridi litafanya nini jangwani. Akaniangalia kama mgonjwa.

Nimeona kule kila nyumba ina bustani ya nchi nyingine. Nyasi za Ulaya zinazonyweshwa mchana kutwa. Ukiupa mmea maji, umeudanganya kwamba uko kwao. Ukizima bomba wiki tatu utajua Nairobi inataka nini hasa.

Mpungate umenidunga kidole gumba. Nimefurahi hata hivyo.

Jumatano, 16 Julai

Nimegawa watu. Vijana: tundra, kreti za soda zitakaa nao, friji ya nini. Kanisa na majirani: savana. Sisi wenyewe, ukoo wa Kimani: msituni chini ya mparachichi, tudondokewe, sisi tumezoea. Wakwe: jangwani. Kwenye jua. Watu watakaosafiri usiku kucha wakifika asubuhi ya baridi hii watamwomba Mungu jua, nami nitakuwa nimewawekea tayari.

Leo nimeongeza jambo moja, na ni zuri mno. Jangwani maji yapo, lakini yako chini, na wenyeji wanajua pa kuchimba. Kwa hiyo kila meza itakuwa na karai la mchanga lenye mshubiri na mpungate katikati, na chupa za maji zimezikwa ndani. MC ataeleza, wageni watachimba, watacheka. Njeri amesema mgeni hatafutishwi maji. Nimemwambia asubiri aone.

Ijumaa, 18 Julai

Mikono yangu ni mchanga mtupu. Mahema yamesimama. Nimeandika mabango mwenyewe kwa rangi, herufi kubwa. JANGWA limetoka vizuri kuliko yote. Kimani amelizunguka, akakuna kichwa, akasema yeye hajui ila anaona. Mzee huyu. Nyambura amekuja kupiga picha kila hema. Alipofika jangwani alipiga magoti akanusa mchanga.

Redio imesema mawingu. Redio husema mawingu kila Julai.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike upesi kabla furaha haijanichanganyia mpangilio.

Mawingu. Asubuhi nzima hakuna jua hata la dawa. Changarawe pale langoni baridi kama sakafu ya machinjio. Nikajiambia jua litatoka saa nne. Saa nne ilifika peke yake.

Wakwe wakafika. Wakafungiwa lango kama ada, wanawake wao wakaimba nje, wetu wakajibu ndani, mizaha ikapigwa, lango likafunguliwa. Mama Shivachi mbele, mama mnene wa tabasamu, koti juu ya koti. Nyuma yake Mzee Musonye na kofia yake. Nikawaongoza mwenyewe. Nilikuwa natembea kama bibi harusi.

Wakakaa. Mzee akasoma bango. Akalisoma tena. Akaangalia meza: mchanga na miiba. Akaangalia ng'ambo, msituni, ambako ndugu zangu walikuwa wamekaa kwenye majani mabichi, ndizi zinaning'inia, na chupa za maji zimepangwa mezani mbele yao, zinang'aa. Kwake hapakuwa na tone.

Na MC hayupo. Gari lake limeharibika, alikuwa bado Kawangware.

Nilikuwa jikoni nikihesabia chai dakika chache tu. Nyambura ndiye aliyekuja mbio, leso kichwani, uso hauna damu. Mzee Musonye amekataa chai. Amewaambia vijana wao wasishushe kitu chochote kwenye gari. Ameuliza mbele ya watu kama huku kwetu wakwe huchomwa miiba kwanza au baadaye. Kimani, mjinga wangu mpendwa, akajibu kwamba hayo ni ya dada yake, mwalimu. Yaani akanitupa mimi jangwani pia.

Nikatoka na aproni. Kofia ilikuwa tayari mkononi mwa mzee, na hiyo kofia ndiyo ilikuwa ndoa ya mtoto wetu.

Sikujua pa kuanzia, nikaanzia kwenye karai. Nikapiga magoti mbele ya meza yake, nikachimba kwa mikono yote miwili. Nikatoa chupa ya kwanza, nikaipangusa kwa aproni, nikamwekea. Nikatoa ya pili, ya Mama Shivachi. Nikaongea nikichimba, nadhani niliongea kama niko darasani. Nikasema mahali hapa ndipo jua linapofika kwanza katika boma hili, kila siku isipokuwa leo. Kwamba niliwapa jua kwa sababu Julai yetu inauma, na nikaliita jangwa kwa sababu ndilo jina la mahali penye jua na mawingu machache. Kwamba sisi wenyewe tumekaa pale panapodondoka. Kwamba maji ya jangwani hufichwa kwa sababu ndiyo mali. Kwamba jua limenitia aibu na mimi ni mwalimu mjinga. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyajali.

Mzee Musonye aliendelea kuishika kofia yake. Aliyesema ni Mama Shivachi.

"Mwalimu, sisi kule kwetu ni msitu. Mvua inanyesha kila siku ikifika saa nane, nguo tunakausha na moto. Viatu ndani ya kabati vinaota uyoga. Mtu akinipea jangwa, amenipea likizo."

Akatia mkono wake kwenye karai, akachimba. Akatoa chupa. Akapiga kelele ya furaha kama mtu aliyevua samaki. Basi. Wamama wao wote wakaingia mchangani. Mabangili, pete, mikono mizima. Hakuna aliyesubiri MC. Mzee Musonye akakaa akiwatazama, kisha nikaona kidole chake kimoja kinapita pembeni mwa karai, polepole, kinatafuta. Alipoipata chupa alijifanya anakohoa.

Akaweka kofia mezani. Kwenye mpungate. Ikadungwa, ikakaa hapo hapo siku nzima.

Halafu manyunyu yakaanza. Hema la msitu likavuja, ndilo la bei rahisi, nami nililijua hilo. Ndugu zangu wakakimbilia jangwani na viti vichwani. Kimani akabanana kati ya Mzee Musonye na Mama Shivachi, majani ya ndizi bado yamemshika begani. Nimewaambia wanafunzi mara nyingi: pale kanda mbili zinapokutana ndipo utakuta aina nyingi zaidi za viumbe, wa huku, wa kule, na wengine wasio wa popote. Sikuwahi kusikia kelele zake. Kiluhya, Kikuyu, Kiswahili, na mbuzi wa Njeri.

Mahari ilizungumzwa hapo hapo, magoti kwa magoti. Wasichana wakafunikwa leso, Shivachi akaambiwa amtafute wake. Hakukosea. Alisema alimjua kwa viatu vya mlimani, yule mtoto alikuwa amevaa viatu vya mlimani chini ya gauni, na mimi sikujua.

MC alifika wakati wa kula. Akala.

Jumapili, 20 Julai

Sauti imekauka. Sikwenda kanisani, Mungu alikuwepo hapa jana.

Wakwe walilala kwa majirani, wameondoka leo asubuhi. Mzee Musonye amenishika mkono kwa mikono miwili akaniita mwanawe. Kofia ina matundu.

Mama Shivachi ameomba mpungate mmoja. Nikamweleza kwamba kule kwao utaoza, mizizi yake haijui mvua nyingi. Akasema atauweka jikoni juu ya rafu karibu na moto, huko utadhani uko kwao. Nimempa. Ni mwanafunzi mzuri kuliko wangu wote.

Kisha, akiwa mguu mmoja ndani ya gari, akaniuliza kama msitu wao nimewahi kuuona. Nikasema hapana. Nimeuchora ubaoni miaka yote hii, tabaka kwa tabaka, miti mirefu juu, giza chini. Sijawahi kuingia hata kwenye huo ukingo. Alicheka mpaka gari likatikisika.

"Shule zikifungwa unakuja. Na hiyo sweta uiache, kuja na gumboot."

Njeri ameniambia tena kwamba mgeni hatafutishwi maji. Nimekubali. Ni haki yake kusema hadi Krismasi.

Jumatatu, 21 Julai

Kazini. Kidato cha pili wamerudishiwa karatasi. Mtoto mmoja ameuliza kwa nini nimesahihisha kwa kijani. Nimewaambia tu ndiyo rangi niliyokuwa nayo. Tumerudia swali la jangwa, safari hii polepole. Wameelewa.

Jioni nimeshukia sokoni, Kawangware, kutafuta gumboot. Nimejaribu jozi tatu nimekaa kwenye gunia la viazi la mama wa kibanda cha pili. Zile nyeusi zinanitosha. Muuzaji ameuliza kama nina shamba.

Nimemwambia naenda kwa wakwe.