Ombi la Anyesi Kurudishwa Nyumbani Apate Dawa

Hombolo,
Wilaya ya Dodoma,
17 Agosti 1952.

Kwa Mpendwa Baba Mkubwa Yotham Matonya,
Shamba la Mkonge, Tanga.

Shikamoo. Kwa heshima inayokustahili wewe uliyeshika nafasi ya marehemu baba yetu, nakuandikia kwa kusudi moja tu, nalo ni kukuomba uamue juu ya mwanao Anyesi, dada yangu. Lakini si adabu kuingia katika shauri kabla ya kujua hali yako. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepona? Na Mama Mkubwa Ruthu hajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa huyo niliyemtaja. Uwele tumepata wa kututosha. Mtama umeliwa na ndege.

Unakumbuka kwamba Anyesi alianza kuanguka kifafa baada ya ile homa kali ya utotoni. Unakumbuka pia kwamba kabla ya kuanguka husikia watu wengi wakiimba mahali asipopaona. Yoramu alimwoa akiyajua hayo yote, maana wewe mwenyewe ulimwambia mbele ya wazee.

Mwaka jana wakati wa kiangazi alianguka kwenye kisima tunachochimba katika mchanga wa mto. Wanawake waliacha vibuyu wakakimbia, kwa kuwa huku bado watu wanaamini kwamba anayeguswa na povu la mwenye kifafa huambukizwa. Yoramu alifika, akasimama mbali akiwa ameshika fimbo. Mimi ndiye niliyemgeuza dada yangu na kumtoa mchanga kinywani.

Ikaja Pasaka. Anyesi akaanguka ndani ya kanisa letu dogo, na alipozinduka akasema habari za zile nyimbo. Yoramu, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, akainuka akatangaza kwamba Roho amemshukia mkewe. Tangu siku ile watu hulipangusa povu lake kwa vitambaa na kuvipeleka kwa wagonjwa wao. Mchungaji alipopita aliwakemea, alipoondoka wakaendelea. Povu ni lile lile, Baba Mkubwa. Kisimani lilikuwa sumu, kanisani limekuwa baraka, na waliokimbia ndio hao hao wanaogombania kitambaa. Nashindwa kuyaandika haya kwa upole.

Liko baya zaidi. Yoramu ametambua kwamba mkewe akinyimwa chakula na usingizi huanguka upesi. Kwa hiyo kila ikaribiapo Jumapili humfungisha na kumkeshesha, ili watu wasije bure. Hiyo wanaiita ibada. Mimi sijapata neno la adabu la kuiita.

Mwezi uliopita, akiwa amedhoofika kwa kufunga huko, alianguka juu ya mafiga akisonga ugali, na mtoto Dorkasi yumo mgongoni. Jirani aliwavuta. Mtoto alipona, ila mkono wa kushoto wa Anyesi umeungua hadi kwenye kiwiko.

Nilimpakia katika lori nikampeleka mjini kwa dresa mmoja wa hospitali, mfunga vidonda aitwaye Yahaya. Alimtibu mkono vizuri, kisha akanieleza kwamba ugonjwa uko katika ubongo. Alinigusa juu ya sikio akasema, "Hapa pakichafuka, mtu husikia visivyokuwapo. Mwingine hunusa moshi, mwingine huona taa. Dada yako anasikia kwaya." Akacheka. "Basi Roho wenu ana makao madogo, Bwana Sostenes."

Nilimjibu kwamba nimekuja kutafuta dawa, sikuja kutafuta dhihaka. Aliona haya, akatoa vidonge na kuagiza vimezwe kila siku bila kukosa.

Yoramu alivitupa chooni. "Shemeji," aliniambia mbele ya watu wake, "unataka kumzima Roho kwa kidonge?"

Nikamwambia, "Roho anayezimwa na kidonge, shemeji, wewe unamwabudu kwa nini?"

Walinifukuza uani kwake. Sijutii. Baba Mkubwa, mimi sikusoma shuleni, nilijifunza mwenyewe kusoma na kuandika, lakini nimelifikiri neno hili. Dresa anasema kwamba kwa kuwa wimbo unatoka katika ubongo, basi hakuna Mungu ndani yake. Yoramu anasema kwamba kwa kuwa ni wa Mungu, basi ubongo usiguswe. Wote wawili wananiudhi. Ubongo nao aliuumba Mungu. Akitaka kusema na Anyesi, atasema naye akiwa ameshiba, amelala, na mkono wake ni mzima.

Anyesi mwenyewe hakuna aliyemwuliza, nami nikiwa mmojawapo, mpaka wiki iliyopita tulipokutana njiani. Alimtikisa mtoto mgongoni, akasema, "Kaka, wimbo ni mtamu, sikudanganyi. Dawa ikiuondoa nitaulilia. Lakini kila ninapozinduka, wao huniuliza nimesikia nini, na mimi nauliza mtoto yuko wapi. Niombeeni hiyo dawa."

Mama anakusalimu sana, na anasema usiache kuvaa fulana asubuhi. Mjomba Chilewa na wanawe wanakusalimu. Nisalimie Mama Mkubwa Ruthu na Wagogo wenzetu wote walioko huko mkonge. Mwenyezi Mungu akupe afya na akurejeshe kwetu salama.

Wewe ndiwe uliyepokea mahari ya Anyesi, na kwa desturi yetu hakuna mwingine awezaye kumwita arudi nyumbani pamoja na mtoto wake. Najua Yoramu atadai ng'ombe. Hata hivyo naomba uamue: je, nimchukue au nisimchukue? Tafadhali niandikie jibu moja, ndiyo au hapana, ukitia sahihi yako.

Ni mimi mwanao nikupendaye na kukutii,
Sostenes Matonya.