Kahawa Tuliyoisifu

Kambi ya wachuma kahawa, Ruiru

Mke wangu mpendwa, Mama Debora,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti la mama limepata nafuu? Debora ameacha kula udongo? Mimi ni mzima, ila roho haijatulia tangu nipate barua yako. Unasema umeshamwachia mdogo wangu Yohana ng'ombe, na unakuja kukaa nami katika nyumba yetu ya mabati.

Kabla hujapanda gari la moshi, sikiliza kisa hiki.

Tunachuma kahawa tangu alfajiri, lakini sisi tuliotoka magharibi hakuna aliyewahi kuionja. Sisi ni watu wa chai. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Onzere ninayelala naye chumba kimoja alitoa buni kavu mfukoni. "Leo na sisi tukunywe kitu ya wazungu," akasema. Tukazitia kwenye sufuria, tukazichemsha kama maharagwe mpaka saa tisa, tukaongeza maziwa.

Nilionja wa kwanza. Mama Debora, yalikuwa maji ya nyasi! Lakini wenzangu walinikodolea macho, nikasema, "Tamu sana." Onzere akanywa, akafumba macho, akasema kweli wazungu wana akili. Mwingine akaomba aongezewe. Binadamu ni kiumbe wa ajabu. Tulikuwa watu wazima saba, na hakuna aliyethubutu kusema lililokuwa kinywani mwake.

Ndipo akapita Mzee Njoroge, mlinzi wetu, mwenyeji wa huku. Akachungulia sufuria. "Ngai! Nyinyi mnapika buni kama githeri, kama mahindi na maharagwe? Hiyo inakaangwa kwanza, halafu inasagwa!" Tulicheka mpaka machozi. Kila mtu akaapa kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Jioni kicheko kiliniisha. Nilikumbuka barua zangu. Hakuna nyumba ya mabati, mke wangu. Kuna chumba kimoja cha nyasi, na gunia limetundikwa kati yangu na Onzere. Wala mimi si nyapara. Nyapara ni mtu mwingine, na kila asubuhi ananifokea. Niliandika vile kwa sababu najua barua husomwa mbele ya baba yako, nikataka asikie amepata mkwe. Naona aibu, nawe nakutamani sana.

Msalimie mama, na Yohana mchunga ng'ombe wetu, na baba mkwe kwa heshima. Mwalimu anayewasomea barua hii asiruke chochote, hata wakicheka.

Ukiamua kubaki, sitakulaumu. Lakini wewe ndiye uliyemwambia mchungaji usoni kwamba mahubiri yake ni marefu, na huku nakosa mtu wa namna hiyo. Ukija, beba kile kigae chako cha kukaangia karanga. Tutakaanga kahawa, uonje wewe kwanza, na lolote utakalosema nitaliamini.

Ni mimi mumeo, mchuma kahawa,
Baba Debora