Mwiko wa Wembe Usiochemshwa

Uvira, mtaa wa Mulongwe

Kwako Mama yangu, huko Kasongo,

Nakuamkia kwa magoti chini, mimi mwanao Mwamini. Kaka Ramazani atakayekusomea, asome polepole, asiruke kitu, wala asiongeze maneno yake kama alivyozoea. Mama, kifua kinaendeleaje? Na mguu wa Baba? Mpunga mliwahi kuuvuna kabla ya vurugu, au mliwaachia ndege? Sisi huku ni wazima. Tumekonda kidogo, lakini samaki wadogo wa ndagala wamerudi sokoni, na watu wameanza kugombana kwa sauti kama zamani, kwa hiyo najua amani iko njiani.

Nimesikia kwamba habari imefika kwenu kuwa nilifungwa kwa sababu ya masikio ya watu. Sikufungwa. Lakini aliyeileta hakuitoa hewani, basi acha nikueleze yote.

Unakumbuka mume wangu Kalume alipopata kazi ya kupakua mizigo bandarini Kalundu, nikaja naye huku na ufundi ulionipa wewe, wa kutoboa masikio na kuchora ngozi kwa sindano na masizi. Uhuru ulipoingia, kazi ilinizidi. Wasichana walitaka hereni, na wanaume walitaka niwachore neno "Depanda" mkononi, maana ndivyo walivyouita uhuru. Mmoja nilimsahaulia herufi. Hadi leo mkono wake unasema "Depada", na tukikutana ananisalimia kwa mkono wa kushoto.

Siku moja mama mmoja wa kijiji cha Runingu, jina lake Nabintu, aliniletea binti yake Mapendo, mtoto wa miaka sita. Nilimtoboa, akalia kidogo, akaondoka na uzi masikioni. Baada ya siku chache nikamwona Nabintu anarudi, mtoto mgongoni.

"Mama Mwamini, angalia mutoto. Hii sikio iko namna gani?"

Mama, sikio lilikuwa limevimba na kung'aa kama biringanya, na mwili wote ulikuwa moto. Nilifunga kazi, tukaenda mbio dispanseri. Muganga wa pale alimchoma sindano ya dawa, kisha akanigeukia.

"Siku ile ulitoboa watu wangapi?"

"Wengi."

"Kwa sindano ngapi?"

Nilimwinulia kidole kimoja. Ilikuwa moja, na niliifuta tu kwa kitambaa, kama tulivyofanya siku zote.

Akasema, "Basi uchafu wa damu ya mmoja uliupeleka kwa mwingine. Huyu tukichelewa, tunamzika."

Siku zote mtoto alizolala pale niliwapelekea bugali, na Nabintu hakunitukana hata mara moja. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Asubuhi Mapendo alipokataa uji na kudai samaki mukeke wa kuchoma, tulicheka sote hadi muganga akatufukuza.

Haikupita muda, akaja sokoni Bwana Anselme, yule anayekagua usafi wa nyama na vyoo vya mji, na baiskeli yake na karatasi. Akasoma kwamba anayetoboa masikio au kuchanja watu lazima apate kibali dispanseri, la sivyo ni marufuku. Akakusanya sindano zetu zote, mimi na watoboaji wenzangu, ndani ya kopo. Wenzangu walitoroka nyuma ya mabanda ya samaki. Mimi nilifuata baiskeli kwa miguu. Watu walioniona nyuma yake ndio waliosema nimekamatwa.

Nilimwambia, "Bwana, sikufuati kwa ajili ya sindano. Nifundishe."

Walinifundisha pale dispanseri, Mama, na si vigumu. Sindano ichemke mpaka maji yafurukute kwa muda mzuri. Mikono kwa sabuni. Sindano ya mtu mmoja isimguse mwingine kabla ya kuchemshwa tena. Pamba yenye damu ichomwe. Siku ya jaribio, mke wa Bwana Anselme akajitolea masikio yake. Bwana Anselme akamshika mkono kumtia moyo. Nilipotoboa la kwanza, mke alitabasamu, na bwana akaanguka chini kama gunia la muhogo! Tulimmwagia maji. Alipozinduka aligonga muhuri kwenye kibali changu bila kuniangalia usoni.

Lakini kibali chenyewe nilikuwa nacho peke yangu. Wenzangu walitafuta sindano nyingine, wakaendelea vilevile. Mishahara ya serikali ilikuwa haiji, nani angeogopa karatasi?

Kisha uasi ukafika Uvira. Wapiganaji waliingia mjini, na kila aliyewahi kugonga muhuri wa serikali alitafuta pa kujificha. Bwana Anselme alifichwa Runingu, nyumbani kwa Nabintu, ndani ya ghala la muhogo. Wapiganaji walikuwa na mama mmoja mganga, mfupi, mwenye sauti ya upole, aliyewachanja kifuani na mikononi na kuwapaka dawa ili risasi zisiwaingie, mradi wasivunje miiko yake. Walipanga mstari mrefu mbele ya ghala la pamba, na wembe ulikuwa mmoja. Niliuona kwa macho yangu, nikakumbuka sikio la Mapendo. Halafu Kalume akarudi kazini na kusema, "Kesho wafanyakazi wote wa bandari tunachanjwa. Ni amri."

Kulipokucha nilibeba mbabula yangu, lile jiko la mkaa, na makala yake, sufuria na sabuni. Kalume alisimama mlangoni.

"Mwamini, weye unatafuta nini kwa watu wa bunduki?"

"Natafuta kubaki na mume."

Mlinzi wao alinizuia, akauliza nimebeba nini. Nikasema maji ya kuchemsha. Hakujua kama ni kosa au si kosa, akanipeleka kwa yule mama. Niliinama.

"Mama, na minye mikono yangu inafanya kazi kama yako."

"Unakuja kunifundisha dawa?"

"Hapana. Dawa ni yako, sikuulizi. Minye najua wembe tu." Nikawageukia waliokwisha kuchanjwa. "Hawa uliowachanja juzi, ni wangapi ambao mikono yao imevimba?"

Mpiganaji mmoja alitaka kunisukuma, yule mama akamzuia kwa kidole. Akamwita mwingine aliyekaa pembeni, akamwambia ainue bunduki yake. Alishindwa. Mkono ulikuwa kama mtungi.

Mama yule akasema polepole, "Nilifikiri huyu amevunja mwiko."

"Pengine ni wembe umeuvunja, Mama."

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko cha mtu wa kazi anayemtambua mwenzake. Akasimama juu ya gogo, akatangaza kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo: "Kuanzia leo, wembe haujachemka ni mwiko! Ukimgusa mutu, dawa inamutoka!"

Mama, karatasi ya serikali haikufanya hata robo ya kazi ile. Majitu yenye mikanda ya risasi yalisimama mbele yangu yakichungulia sufuria. "Maji imechemka? Ongeza makala. Nataka kuona mapovu mwenyewe." Kalume alichanjwa kwa wembe safi, na lalamiko lake ni moja tu, kwamba wembe ulimgusa ukiwa bado na moto.

Sitakuficha, dawa ya risasi haikuwasaidia. Wengi niliowachemshia sikuwaona tena. Yule mama alipanda nao milimani, sijui alipo, na ninamwombea.

Bwana Anselme alipotoka ghalani alipita sokoni, akakuta kila mwanamke anayetoboa masikio ana sufuria inayotokota pembeni. Akauliza nani ametoa amri. Nilipomweleza, alikaa juu ya gunia la ndagala. "Minye nilikuwa na muhuri," akasema, "na hata kuku hakuniogopa."

Sasa Mama, neno hili nalisema nikiwa bado nimepiga magoti. Mkono wako haujakosea, ndio ulionifundisha. Kilichopungua ni maji ya moto tu. Nimempa dereva wa kamioni sindano mpya kwa ajili yako na mche wa sabuni. Nakuomba uchemshe.

Nisalimie Baba, na Bibi na kiko chake, na Shangazi Zainabu anayeuza mawese, na mama mkwe, umwambie mwanawe anakula vizuri. Ramazani nimekwisha kumsalimu kule juu, inamtosha.

Hili nimeliweka mwisho makusudi, ili Ramazani asiweze kuliruka. Nimejifungua mtoto wa kike, tumempa jina lako, Asha. Majirani wananicheka, mama ni fundi na mtoto hana hereni. Mara tatu nimechemsha sindano, na mara tatu nimeiweka chini, mtoto wangu mwenyewe siwezi. Barabara ikitulia, panda kamioni uje. Maji nitachemsha mimi. Utoboe wewe.

Ni mimi, binti yako,
Mwamini