Kuku Asiyekunywa

Mume wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Kila nikishika kalamu, mtoto anaitaka yeye.

Mama yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Ugonjwa umeingia bandani: kuku wanakohoa, macho yamevimba. Daktari wa mifugo alitupa dawa ya kuchanganya kwenye maji yao. Wenye nguvu walijinywea, wakachangamka. Wagonjwa hasa walijikunyata tu pembeni, maji hawayatazami.

"Akishafika hapo hanywi tena, dada yangu," daktari aliniambia. "Mshike mmoja mmoja, umtilie mdomoni."

Nilikuwa nawashika hivyo mtoto naye alipoanza kukohoa. Mama yako akaja na kikombe. "Mpe kidogo hiyo ya kuku. Kwani dawa si dawa?"

"Mama, nakuheshimu," nikamwambia, "lakini hii haipiti mdomoni mwa mwanangu."

Amenuna mpaka leo. Mimi nilimbeba mtoto hadi zahanati, wakamlaza. Dawa yake nayo ni ya kunywa, na anaitema. Tangu asubuhi hata ziwa analikataa, anageuza uso. Muuguzi anasema tuendelee kujaribu, kisha ananikwepa macho.

Mpe dereva wa basi la kesho vitu hivi: blanketi zito, fulana mbili za mtoto za mikono mirefu, sabuni, na shati lako ulilovaa kazini. Usilifue. Huenda akisikia harufu yako atafungua mdomo.

Mkeo