Macho Mekundu ya Baba Yako

S.L.P. 461,
Malaba.
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Tracy,

Hujambo huko kwenye baridi? Vidole viko vyote kumi? Nauliza kwa sababu siku ile ulipotuonyesha theluji kwenye simu, mume wangu Dancan alikwenda kuvaa sweta, hapa hapa Malaba, jua la saa nane. Kazi inaendeleaje? Ile homa ya mwezi uliopita iliisha kabisa, au unatuficha kama kawaida yako?

Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Watoto wanasoma, wanakula, wanagombana. Mgongo wangu ulinisumbua mwezi wa nane, lakini umetulia tangu nilipopata mtu wa kunisaidia kukanda unga kibandani. Mvua imekuja kwa adabu mwaka huu, hata watu wa Rukala, kule mto hufurika, hawajahama makwao. Muhogo wa nyumbani Funyula umezaa sana.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Kwanza, zile picha ulizokuwa ukinidai kila Jumapili zimo ndani ya bahasha hii. Pili, nina neno la baba yako, na mwenyewe amekataza lisisemwe kwenye simu. Usishtuke, keti kitako. Ni neno la heri. Ila kamera yako ilikaribia kuliharibu, na sasa limebaki mikononi mwako.

Nianze na hiyo kamera. Ulipoituma nilicheka. Nilisema mtoto huyu ameona simu yangu mbovu akanihurumia. Wiki ya kwanza nilipiga picha za chapati tu. Baadaye nikagundua kitufe cha flashi, na tangu siku hiyo sina amani, wala jirani zangu hawana.

Unajua madereva wa malori wanaokula kwangu wakingoja foleni ya mpaka isonge. Wote wana kofia, na jua la adhuhuri likiwapiga, uso wote unabaki kivuli. Nikawasha flashi mchana kweupe. Mmoja akaniuliza, "Mama, umeme ya nini na jua yote hii?" Nikamwonyesha picha. Akaona macho yake, akaona na ndevu alizosahau kunyoa, akavua kofia na kuomba nirudie ili amtumie mkewe Mombasa. Siku hizi mtu hamalizi maharagwe kabla ya kuuliza kama Mama Kamera yupo.

Makosa nayo ni mengi. Nilimsimamisha dereva mmoja mbele ya lori lake jioni, flashi ikagonga zile karatasi za kumulika zilizobandikwa ubavuni, lori likawaka lote kama harusi na dereva akapotea, yakabaki meno. Mwanangu Trizah nilimpiga kwa karibu mno akatoka kama aliyeangukia gunia la unga. Sasa nafunika flashi kwa kipande cha tishu, na ngozi inatoka na rangi yake ya kweli. Nilipokwenda Rukala kumwona shangazi niliwapiga picha samaki wakiwa bado na maji, na magamba yao yaling'aa nikadhani nimenunua vijiko. Askari mmoja hapa mpakani ameshaniambia, kwa upole, kwamba nikielekeza hicho kidude kwenye geti tena nitakula chakula chake cha rumande badala ya yeye kula changu. Nimeacha.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka baba alivyokuwa tulipomzika mama yako, aliyenilea na mimi kama wake. Wewe ulimwona kwenye simu tu, na najua hilo linakuuma mpaka leo. Miaka minne amekuwa akishona nguo za watu na kula mkate na chai ya rangi. Ukimpelekea chakula anakushukuru, halafu unakikuta kesho kwenye sufuria. Nilikuwa naogopa, Tracy, sikukwambia.

Basi tangu Pasaka nikaanza kumwona Malaba kila Alhamisi. Nikimuuliza, anasema amekuja kununua vifungo. Funyula yote haina vifungo? Mwisho nikamfuata kwa macho. Vifungo hivyo vinauzwa na Aguti, mama mmoja wa kabila la Wateso, mjane, ana meza ya vitenge na vifungo karibu na kibanda changu. Ni mtu mtulivu, watoto wake wamekua, na akicheka anacheka kwa mwili mzima. Baba akifika hapo anakaa saa mbili kuchagua vifungo sita. Nilipombana alitazama chini kama mwari, akaniomba niwe mshenga wake. Nilifurahi nikalia.

Upande wa Aguti mwenye kauli ni kaka yake, Elungat, msoma masomo wa kanisa lao, mtu asiyecheka siku za kazi. Alitupokea vizuri. Akasema tu kwamba shangazi yao mkubwa anakaa upande wa Tororo, magoti hayamruhusu kusafiri ovyo, na kwao hakuna binti anayetoka bila shangazi kumwona anayemchukua. Basi tupeleke picha yake. Mimi na kamera yangu! Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema.

Baba alivaa ile suti ya kijivu. Akataka apigwe akiwa dukani, kando ya cherehani, ili shangazi ajue ana kazi ya mikono. Stima ilikuwa imepotea, dirisha lilikuwa limezibwa na nguo za wateja. Nikasema haidhuru, flashi ipo. Kwenye kile kioo kidogo cha kamera aliniridhisha. Nikapeleka kwa Brayo, kijana wa studio pale Busia, akaichapa kubwa, nikaitia kwenye bahasha bila kuitazama mara ya pili, nikampa Elungat. Hilo ndilo kosa langu, na ninaliungama.

Picha ilivuka mpaka ikarudi na habari. Baba alikuwa ametoka na macho mekundu, Tracy. Mekundu kama makaa, yote mawili, yanamtazama mtu moja kwa moja. Wewe umekulia huku, unajua watu wetu husema nini wakiona macho ya namna hiyo. Shangazi aliiweka picha chini akasema, "Hii macho ni ya mtu wa usiku. Huyu anakimbia." Yaani baba yako, Mzee Ogutu fundi cherehani, ni miongoni mwa wale wanaotoka uchi kurusha mawe juu ya mabati ya watu!

Ungedhani ni mzaha. Wiki moja tu na soko zima lilikuwa nalo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni; mara wakakumbuka kwamba huamka kabla ya jogoo, mara kwamba hana mbwa. Lisemwalo lipo, wakasema. Elungat akanitumia ujumbe kwamba tungoje kwanza. Aguti akaacha kuleta meza yake. Alhamisi ile baba alikuja na kusimama mahali meza ilipokuwa, kisha akapanda gari akarudi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nikaenda kwa Brayo nikiwa moto. Alipoona picha alicheka mpaka nikataka kumpiga. Kisha akanieleza. Mtu akiwa mahali penye giza mboni zinafunguka wazi. Flashi ya kamera ndogo imekaa jirani kabisa na lenzi, kwa hiyo mwanga unaingia moja kwa moja hadi nyuma ya jicho, kwenye damu, na kurudi na wekundu wake. Ni mtu yeyote, akasema, hata padri. Angeweza kuufuta kwenye kompyuta, ila hakuniuliza na mimi sikumwomba. Nikamwambia usifute kitu, nimepata dawa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Elungat peke yangu, nikijua shangazi amekuja kwa maombi ya familia. Nikasalimia, nikanywa chai, nikaomba jambo moja. Tufunge mapazia na mlango, niwapige picha wenyeji. Elungat alikunja uso, lakini shangazi alisema, "Wacha afanye, tuone hiyo mashini yake." Nikaanza na Elungat mwenyewe, na Biblia yake mapajani. Flashi ikawaka. Nikamkabidhi shangazi kamera nikarudi kitini kimya.

Alisogeza kioo karibu na pua. Akamtazama Elungat. Akatazama kioo tena. "Elungat! Na wewe?" Elungat akainuka, akaona macho yake mwenyewe yanamulika juu ya Biblia kama taa za nyuma za lori. Akasema polepole, "Mimi hulala saa tatu, shangazi. Uliza mama watoto." Mkewe akasema, "Hulala na anakoroma." Hapo Aguti, aliyekuwa amejificha mlangoni mwa jikoni, alianza kucheka akashindwa kusimama, akakaa chini na sinia mkononi.

Basi kila mtu akataka apigwe. Mke wa Elungat, mekundu. Aguti mwenyewe, mekundu. Shangazi aliingoja zamu yake kama mtoto, na yake yalikuwa mekundu kuliko ya wote. Akajipiga paja, akasema, "Sasa mabati ya Tororo ni mimi narusha mawe!" Nikawaeleza habari ya mboni na damu kama Brayo alivyonieleza, kisha nikafungua mapazia, nikawapiga tena, macho yakatoka safi. Elungat alicheka, na haikuwa Jumapili. Picha hizo zote zimo humu. Zitazame kwa zamu, usizimwage.

Shangazi amekubali, na Elungat amekubali. Aguti nilimuuliza tukiwa wawili nje, naye aliacha kucheka. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mimi huyo mzee nampenda. Lakini ile jikoni ni ya mama ya Tracy. Sitashika chungu ya mtu kama mtoto wake hajaniambia karibu."

Nikampelekea baba maneno hayo. Kwetu baba hamwombi bintiye ruhusa ya kuoa, unajua, hana hata pa kuanzia. Akasema tu niandike, na niandike yote, hata ya macho. Kwa hiyo nakuuliza kwa niaba yake. Mimi nampenda Aguti, sitakuficha, na napenda kumwona baba akila tena. Lakini mama alikuwa wako. Ukihitaji muda, chukua. Ukitaka kulia, lia kwanza. Hakuna atakayeingia pale kabla ya jibu lako.

Dancan anakusalimu sana, na Trizah anasema umletee theluji kwenye chupa. Mzee Phanuel jirani anauliza kama huko unapata omena, dagaa wetu wa ziwani. Shangazi wa Rukala anakuombea kila asubuhi, kwa sauti, na majirani wote wanajua shida zako. Mungu akukinge na baridi hiyo, akufungulie njia ya kuja kutuona.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponyamaza,

Millicent

Nilimpa baba aisome kabla ya kufunga bahasha. Ameniomba kalamu, akaandika hapa chini mwenyewe:

Tracy mwanangu, vipimo vyako nilivyo navyo ni vya mwaka uliosafiri. Nitumie vipya: mabega, kiuno na urefu. Kuna kitambaa kizuri nimekiweka kando, lakini sitakikata kabla sijasikia kutoka kwako. Baba.